Mchezo wa Arafa Mikononi mwa Watu

Arafa aliusikia mchezo wake kabla hajauona. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kwa Wahida msusi, pale Zinga, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mwenye kazi, nusu ya nywele zimeshasukwa na nusu zimesimama wima kama zimetishwa. Ukiwa mikononi mwa Wahida hugeuki. Ukigeuka unapigwa kitana cha bega. Basi alisikia tu, nyuma yake, maji yakirudi polepole juu ya mchanga, halafu sauti ya mwanamke ikisema, "Haya wenzangu, maji hayo."

Sauti ile ilikuwa ya mama yake.

Aliirekodi mwenyewe asubuhi moja kwao Mlingotini, mama amesimama kwenye maji ya magotini na kamba ya mwani mkononi, hajui kama anarekodiwa. Arafa akaitia kwenye mchezo wa simu alioutengeneza peke yake kwa miaka miwili na kuuita Bamvua, kwa jina la yale maji makuu ya bahari. Ndani ya mchezo huo wewe ni mwanamke mkulima wa mwani. Unafunga miche kwenye kamba, unakaza vigingi, unashindana na bahari kabla haijarudi. Tajiri wa kumfadhili Arafa hakuwa naye. Alifungua ukurasa wa michango mtandaoni, na watu wasiomjua wakamchangia kidogo kidogo, wa Tanga, wa Mombasa, wa Muskati, hata wa huko kwenye baridi. Aliwaahidi mambo mawili tu: kwamba wao ndio watakaoucheza kwanza, na kwamba kila mmoja atawekewa kigingi chenye jina lake ndani ya mchezo. Siku ya kuwakabidhi ilikuwa bado haijafika.

"Dada, samahani," alisema, macho yakitazama vidole vyake vya miguu. "Huo mchezo umeupata wapi?"

"Huu?" Aliyejibu alikuwa Nasrin, binti mmoja wa pale pale Zinga aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Kwa Yunus, pale barabarani. Nilikwenda kuwekewa nyimbo, akaniwekea na huu, bure. Anamwekea kila mtu. Anasema ni wa mchumba wake, eti ana akili hajapata kuona."

Mikono ya Wahida ilisimama kichwani mwa Arafa. "Si wewe ndiye mchumba mwenyewe?"

Ndiye hasa. Na moyo wake ulifanya mambo mawili kwa mpigo mmoja, ukachanua na ukakatika, kwa sababu hajawahi kusifiwa hivyo na hajawahi kuumizwa hivyo, na yote yametoka kinywani mwa mtu mmoja.

Siku chache nyuma mchangiaji mmoja alimwandikia kwa ukali: Umetuuza, mchezo uko mtandaoni watu wanaupakua bure. Arafa alikwenda kutazama, akauona. Ulikuwa Bamvua wake, lakini majina yote yamefutwa kwenye vigingi, na kila bahari ikirudi linachomoza tangazo la kubeti. Wachangiaji wengine wakafuata. Kuna waliotaka chao kirudi, kuna waliomwita tapeli. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi yake mtu aliyekwenda kumlilia alikuwa Yunus. Yunus alimpa leso yake ajifute, akamwambia, "Nikimjua aliyekufanyia hivi, Arafa, nitakula naye sahani moja."

"Niwie radhi, Wahida, nitarudi," Arafa alisema. Akajitanda mtandio juu ya kichwa kisichokwisha, akatoka.

Duka la Yunus halikuwa pana. Mle ndani mlikuwa na kompyuta, kiti cha mteja, na nyaya za kila aina ya simu zikining'inia ukutani. Watu walimletea simu na flashi zao, naye akawajazia nyimbo, kaswida, mawaidha na tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa. Kwenye kiti kile cha mteja Arafa alimpenda, taratibu, huku akijidai amekuja kwa ajili ya tamthilia. Mwanya wa Yunus ulikuwa na kosa kubwa, maana alikuwa hacheki bila wewe kutaka kucheka naye.

Alipomwona Arafa mlangoni uso wake ukawaka. Si rahisi kumkasirikia mwanamume ambaye uso wake unafanya hivyo kila akikuona, lakini siku hiyo Arafa aliweza.

"Karibu, mwenye duka," Yunus alisema, kama alivyomwita siku zote. Akautazama mtandio. "Mbona kichwa kimevimba upande mmoja? Wahida kakufukuza?"

"Yunus, umemwekea Nasrin mchezo wangu."

"Ndiyo. Kaupenda?"

Aliuliza kwa furaha ya kweli, na furaha ile ndiyo iliyomkata Arafa maini.

"Umewawekea watu wangapi?"

"Kila anayekuja. Sijahesabu." Yunus alisogeza kiti ili akae, lakini Arafa hakukaa. "Nilitaka iwe zawadi yako. Ijumaa wazee wanakuja kwenu na posa. Nikasema kabla ya hapo, baba yako akipita sokoni asikie watu wanautaja mchezo wa binti yake. Asiseme tena kwamba unapoteza muda na simu."

"Nilikupa uujaribu. Nilikupa kwa sababu una simu mbovu za kila namna, nijue unakwama wapi."

"Na haujakwama popote. Nimekwambia hilo." Sasa alianza kuona kwamba kuna kitu hakiko sawa. "Arafa, kazi yangu unaijua. Msanii akitoa wimbo anauleta hapa kwa mkono wake. Ananibembeleza nimwekee kila mtu, wengine hata soda wananinunulia. Wimbo ambao haumo kwenye simu za watu si umekufa? Ninachowafanyia wao kwa soda, wewe nimekufanyia kwa mapenzi."

Arafa alitoa simu yake, akaufungua ule mchezo wa mtandaoni, akampa. Akamwacha acheze. Maji yalirudi, mama akasema maneno yake, tangazo la kubeti likajaa kioo kizima na mwanamume wa kuchorwa akirusha noti.

"Huu ndio ule uliokuliza," Yunus alisema.

"Ndio huo."

"Majina yako wapi? Kwenye vigingi pale palikuwa na majina."

"Yamefutwa."

"Na nani?"

"Simjui. Ni mtu aliyeupata kwenye simu ya mwenzake, na mwenzake aliupata kwenye simu ya mwenzake, na huyo aliupata hapa." Arafa alionyesha kompyuta kwa kidevu. "Wewe ulikuwa nao peke yako, Yunus. Mimi na wewe. Nilikaa nikimtafuta mwizi dunia nzima, kumbe nimempa mwenyewe kwa mkono wangu."

Yunus alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Yule niliyesema nitakula naye sahani moja," alisema polepole, "ni mimi."

"Ni wewe."

Yunus alikuwa ameishika simu ya Arafa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama kitu cha msiba.

"Msanii wako anaitwa kwenye harusi," Arafa alisema. "Wimbo ukienea anaitwa, anaimba, anatunzwa. Mimi nani ataniita harusini nikacheze simu? Mimi nina wale walionichangia tu. Chukulia ni mchango wa harusi. Watu wamejinyima, wamechanga, wamepewa kadi. Wewe ukafungua mlango wa uani, ukaita wapita njia, wakala pilau wakashiba. Wenye kadi wanafika, wanakuta masufuria yanaoshwa. Halafu wananiuliza mimi."

"Nimekuelewa."

"Sehemu ya pili nilikuwa niitengeneze kwa michango hiyo hiyo. Sasa hakuna wa kunichangia tena. Nani atamchangia tapeli?"

"Arafa, nimekuelewa." Yunus aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Naomba nikuulize jambo. Usinichukie kwa kuliuliza."

"Uliza."

"Ile programu unayochorea. Michoro yote ya Bamvua, bahari, mwani, mama. Uliipata wapi?"

Arafa aliigeukia ile kompyuta.

"Nilikuwekea mimi," Yunus alisema. Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikaa hapa nilipokaa. Ilikuwa inauzwa ghali, mimi nikaitafuta iliyovunjwa kufuli. Hatukumuuliza mwenyewe. Ilipofunguka ulifurahi, ukanishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono, nisingesahau. Sisemi hivi ili nikushinde. Nasema sikujua kwamba kina mwenyewe kitu hiki, na wewe siku ile hukujua."

Kama angemtukana, Arafa angepata pa kushikia. Kama angemwomba msamaha kwa magoti, angepata pa kusimamia. Lakini Yunus alikuwa amesema kweli tupu, kwa sauti ya mtu anayempenda, na Arafa akajikuta anamchukia kwa kweli ile kuliko kwa kosa lenyewe. Ndivyo tulivyo tukipendwa. Tunataka anayetupenda awe amesahau.

Alichukua simu yake. "Ijumaa usilete posa," alisema.

"Arafa."

"Usilete."

Alipokuwa akivuka barabara mtandio ulimteleza, ule upande usiosukwa ukachomoza mbele ya Zinga nzima. Hakujali.

Nyumbani kwao Mlingotini hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Baba yake, Mzee Bwanausi, alikuwa mtu wa shamba, wa mihogo na minazi, na tangu aliposikia jina la Yunus alikuwa na swali moja tu. Arafa akisema, "Baba, kijana anatafuta riziki kwa jasho," mzee aliuliza, "Jasho la nani?" Arafa alilichukia swali lile. Alilijibu mchana na jioni, alimtetea Yunus mpaka mama akamwambia apunguze, mwanamke hampigii kampeni mwanamume. Alisema nyimbo si mihogo, ukimpa mwenzio wimbo wako haukupungui. Alisema hayo kwa kujiamini kabisa, kwa sababu hakuwa bado na mhogo wake mwenyewe.

Siku ile aliwasha kompyuta akakaa mbele ya programu ya kuchorea. Kila mstari aliotaka kuchora ulimuuliza swali la baba yake. Akaizima. Akalala chali akitazama paa, na kitu alichokitaka kuliko vyote, jamani, kilikuwa kumpigia Yunus simu amwambie kwamba amegombana na Yunus.

Alhamisi alasiri aliufungua ule ukurasa wa michango kwa shingo upande, apate kuona nani mwingine kamtukana. Kulikuwa na mchangiaji mpya. Alichangia kile kiwango cha chini kabisa, ambacho mtu hukitoa ili apate ruhusa ya kuandika pale na wenziwe. Jina lilikuwa la Yunus.

Katika muda wote wa kuchangisha, Yunus hakuwahi kutoa hata senti. Alikuwa akicheka na kusema, "Mimi ni wa ndani, nitachangiaje kwangu?" Naye Arafa hakuona ubaya. Sasa Yunus alikuwa amepanga foleni na wageni ili apate pa kusemea.

Aliandika kwa Kiswahili, kisha chini yake akaandika kwa Kiingereza cha kuungaunga, kila mtu apate.

"Naitwa Yunus, nina duka la kuweka nyimbo Zinga, Bagamoyo, namba yangu ya simu hii hapa. Mchezo wenu niliugawa mimi. Mwenyewe alinipa niujaribu, nikaugawa bila kumwambia, nikidhani namtangaza. Hakuuza, hakujua. Mkimwita tapeli mnamwonea. Mwenye la kusema anipigie mimi. Kwenye duka langu nimeufuta, na kila niliyemwekea nikimwona namwomba aufute. Wa mtandaoni siuwezi. Naomba radhi."

Chini yake kulikuwa na majibu. Mtu wa Tanga alimporomoshea matusi ya kueleweka. Wengine waliokwisha kudai chao hawakurudi nyuma, na Arafa hakuwalaumu. Mama mmoja wa Muskati, aliyezaliwa Pangani, aliandika: "Nimempigia huyu kijana. Kapokea. Nimemfokea mpaka nimechoka, akaniitikia naam kila neno. Mwanangu Arafa, mimi nakusubiri, tuletee mchezo wetu."

Arafa aliyasoma maneno ya mama yule, akalia kilio kilichomfanyia wema.

Ijumaa, baada ya sala, hodi ilipigwa. Alikuwa Mzee Kibwana, mjomba wake Yunus, ndiye aliyekuwa awe mshenga. Alikuja peke yake, mikono mitupu, wala hakuwa na uso wa mtu aliyeleta posa. Arafa alikuwa chumbani na shangazi yake Mwanvita, pazia limeshushwa, na nyumba yenyewe haikuwa ya kuficha neno.

"Asalaam alaykum, Bwanausi."

"Waalaykum salaam. Karibu, ndugu yangu. Mbona peke yako?"

"Nimetumwa, lakini sikutumwa kuomba." Mzee Kibwana alikohoa. "Kijana kaniambia, Mjomba, nenda kwa yule mzee, kabla hajaisikia habari hii barabarani aisikie kwangu. Kuna mali ya binti yako aliishika, akaigawa kwa watu bila idhini. Kaniambia nisiseme kwamba hakukusudia, ingawa mimi naona hakukusudia. Anasema binti amemkataza kuleta posa, na ana haki. Ila anauliza kama ipo siku ataruhusiwa kuomba. Akiambiwa haipo, hatasumbua tena."

Arafa alimjua baba yake. Alikuwa akilitafuta swali lake la jasho, na safari hii lilikuwa na jibu tayari.

"Mimi nililisema hili," Mzee Bwanausi alisema mwisho. "Lakini mali iliyogawiwa si yangu. Mwanvita, muulize mwenyewe."

Shangazi alimgeukia Arafa, akamshika goti. Alisema kwa sauti ya chini, "Umesikia, mwanangu. Ukinyamaza, tunajua ni ndiyo. Kama humtaki, sema. Hapa hakuna wa kukulazimisha."

Ndivyo ilivyokuwa kwao kwa kila msichana. Mama yake alinyamaza, bibi yake alinyamaza. Kunyamaza kungetosha, na baba angejua kwamba binti amekubali, na mengine yote yangebaki chini ya mkeka.

Arafa alisimama.

"Ewe mtoto," shangazi alisema, mkono kifuani, maana alidhani kijana wa watu amekataliwa. Arafa alisogea mpaka penye pazia, akasimama nyuma yake.

"Baba, shikamoo. Mjomba Kibwana, shikamoo."

"Marahaba," wazee waliitikia kwa pamoja, kwa mshangao.

"Baba, uliniuliza jasho la nani, nikakujibu kwa kiburi. Naomba radhi. Na Yunus si peke yake. Kitu ninachochorea kazi yangu yote, nacho ni jasho la mtu. Alinipa yeye nikafurahi, sikuuliza. Kwa hiyo kama yeye ni mwizi, basi mimi na yeye tulikuwa washirika. Namtaka. Sinyamazi, nasema. Namtaka."

Shangazi Mwanvita alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Na mahari yangu naitaja mwenyewe," Arafa aliendelea, upesi kabla ujasiri haujamwishia. "Naitaka ile programu ya kuchorea. Ya kununuliwa kwa mwenyewe, kwa jina langu."

"Wenzio wanataja dhahabu," shangazi alinong'ona. "Wanataja kitanda na godoro, wewe unataja kitu gani hicho?"

"Programu?" Mzee Bwanausi aliuliza. "Inashikika?"

"Haishikiki, Baba. Lakini ndiyo jembe langu. Bila hiyo silimi."

Nje kuku alikuwa akiparua chini ya dirisha. Arafa alilikamata pazia mkononi akangoja.

"Mimi nilifikiri vitu vile havinunuliwi," baba yake alisema polepole. "Nilifikiri vinazaliwa humo humo kwenye simu. Kumbe na vyenyewe vina mwenyewe anayengoja chake." Kiti chake kililia alipoegemea. "Kibwana."

"Naam."

"Kamwambie kijana aje. Asitume mtu, aje mwenyewe, na hilo jembe la mwanangu." Kisha mzee akaongeza, "Na aje na risiti."

Nyuma ya pazia Arafa alikaa chini pale pale sakafuni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka na kulia mpaka shangazi yake akashuka kitandani kuja kukaa naye.